Piramidi la Kasimiri

Rahel, nimejifungia stoo ya shule. Nikitoka sasa hivi nitamtukana mtu mbele ya wageni.

Unamjua Kasimiri, mwalimu wetu wa historia, yule anayesema kila siku Wafipa hatuna cha kuionyesha dunia. Leo kazindua piramidi. PIRAMIDI! La udongo, kimo cha paa la choo, katikati ya uwanja.

Kahutubia nusu saa, tai imemkaba. "Wamisri walijenga, dunia inawakumbuka. Sisi tuna nini?"

Bibi yake, aliyekalishwa mbele, akauliza udongo umetoka wapi. Jamaa akajibu kwa madaha: "Tulibomoa kile kichuguu kirefu cha shambani kwako, bibi."

Kichuguu!

Rahel, kile kilikuwa na matundu ya kupitishia hewa pande zote chini! Mchwa gani wanajenga hivyo? Ni tanuru la wazee la kuyeyushia chuma. Amekua akicheza pale. Na ana digrii ya historia, eti.

Kichuguu, jamani!

Bibi akainuka taratibu, akachomoa kwenye piramidi kipande cha mrija wa udongo wa kupulizia hewa tanuruni, ulioiva kwa moto mpaka ukawa mweusi. Akakipangusa kwa kitenge, akamwekea mkononi, akamwambia kwa Kifipa: "Hiki alikifinyanga baba yangu. Ndiye uliyerithi jina lake."

Wageni wametoka Dar, hawakuelewa neno. Wakadhani anampa zawadi, wakapiga makofi.

Na yule mpumbavu akainama kuwashukuru.