Anayesikia Mvua Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Mama watoto,

Leo nimekasirika, na humu dukani hakuna wa kumwambia ila wewe. Mwenyekiti wa wenye nyumba za juu ameshuka na fundi, wameweka geti la chuma kwenye njia ya uani. Funguo ni za watu wa ghorofani tu. Sisi wa maduka ya chini, anasema, tulipanga milango ya mbele, ua si wetu. Nikamwuliza, nguo za wateja nianike barabarani? Akacheka. "Mzee dobi, nunua mashine ya kukaushia, dunia imeendelea." Kinyozi wa duka la jirani akamjibu: "Na wewe nunua adabu."

Kufuli linaanza Jumatatu ijayo. Bila jua la uani sina kazi.

Jumatano, 6 Machi

Wamezihamishia kamba zangu kivulini. Mashuka ya gesti yamevunda, nimeyafua upya. Hasira hasara, wanasema. Mimi hasara imetangulia, hasira ikafuata.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua ya ghafla. Nikatoka mbio, nikaanua — zangu, za juu, zote. Mikono haikuuliza. Ndivyo ulivyotuzoesha hapa enzi za uhai wako: anayesikia mvua kwanza anaanua za wote, ya nani ni ipi mtajuana baadaye. Ulikuwa ukirudi na mzigo begani, vibanio mdomoni, huku unatugombeza na hatuelewi neno.

Zilizolowa nimezipiga pasi. Hata mashati ya mwenyekiti.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi mke wa mwenyekiti anapiga kelele ngazini, nguo zao zimeibwa. Nikatoka nazo, zimekunjwa vizuri. Kabla sijafungua mdomo, mumewe: "Mnaona? Ushahidi huo mikononi."

Nikasema ilinyesha. Akasema hawaujui utaratibu huo, na nani alinipa ruhusa ya kushika nguo za ndani za mkewe. Watu wakacheka. Kuchekwa hivi, mama watoto. Umri huu!

Shoga yako wa ghorofa ya juu ndiye pekee aliyesema kitu, kutoka dirishani: "Na wewe mvua inanyesha ulikuwa wapi?"

Kesho kuna kikao. Mwenyekiti anasema nikikiri kosa mbele ya wote na kuomba radhi, nitaazimwa ufunguo kila mchana. Kinyozi anasema, omba tu baba, mkono usioweza kuukata, ubusu.

Jumapili, 10 Machi

Wamekaa uani, nawasikia. Naandikia kwenye meza ya pasi. Wameshaniita, nimesema nakuja.

Radhi ya nini? Nikiomba, nimekubali kwamba miaka yote ile ulikuwa mwizi wa nguo za watu. Nisipoomba, kesho kufuli, na watoto bado wanasoma. Ungekuwapo ungeshasema lako, tena kwa sauti. Mimi kusema sikujaliwa, unajua.

Kinyozi yuko mlangoni. "Twende, baba, wasije wakaamua bila wewe."

Naenda. Sijui mdomo utatoa nini. Nikumbuke tu huko uliko.