Gasper na Mepo Zangu

Jumamosi, 16 Februari 2019
Asubuhi yote nyuma ya nyumba. Kubadilisha udongo. Vichipukizi vimeanza kuvimba, kwa hiyo ni sasa au mwakani. Nimeing'oa ile mepo kubwa, mti wa Kijapani wa majani mekundu, kwenye chungu, nikaichambua mizizi, nikakata karibu theluthi. Minene kwa msumeno, myembamba kwa mkasi. Watu wakisikia bonsai, kulea miti ibaki midogo vyunguni, wanadhani ni kazi ya upole. Ni kukata, kufunga waya, kukunja tawi mpaka linalia, na kuacha kabla halijavunjika. Naipenda kwa sababu hiyo. Kliniki ya figo, ninakofanya unesi, nashika mikono ya wagonjwa kwa upole kutwa nzima. Hapa silazimiki.

Upendo hapokei simu. Mdogo wangu. Yuko Alief, kule Houston, na mumewe, Gasper. Sipendi ukimya huu.

Jumapili, 24 Februari
Kapiga mwenyewe mchana, baada ya ibada. Ananong'ona. Eti ameanguka bafuni. Nikamwambia awashe video. Alama za vidole shingoni, pande zote mbili. Bafu halina vidole.

Nikamwambia achukue pasipoti, atoke, akae kwenye duka la jirani yao, mama Mnaijeria, mpaka nifike. Nime-drive kutoka kwangu Grand Prairie mpaka Houston bila kusimama. Nimemkuta nyuma ya magunia ya mchele. Kiatu cha kushoto chake, cha kulia cha Gasper. Hakujua mpaka nilipomwonyesha.

Tukarudi kwangu. Sikumuuliza. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kumuua Gasper. Si kwa mfano. Nilishachagua na kifaa.

Jumamosi, 9 Machi
Wazee wa kanisa lao wamepiga. "Dada Anitha, ndoa ni kuvumiliana." Nimewaambia waje kwanza waione shingo yake. Hakuna aliyekuja.

Upendo hataki polisi. Makaratasi ya Gasper ya kuishi Marekani bado, anaogopa watamrudisha Tanzania na ukoo mzima utamlaumu yeye. Nimegomba. Amelia. Nimegomba tena. Nimechukia alivyolia, nikajichukia na mimi.

Majani ya mepo yanafunguka. Mekundu, yamekunjamana, mabichi kabisa. Maji ya bomba ya hapa yana chokaa, yanayaunguza kingo. Nazipa ya mvua tu.

Alhamisi, 21 Machi
Gasper amekuja. Mimi nikiwa kazini, mchana kweupe. Upendo alijifungia chooni akasikia kila kitu.

Neti ya kivuli kaichana. Vyungu kavirusha ukutani, kimoja kimoja. Miti midogo kaikanyaga. Ile kubwa kaipiga teke mpaka shina likapasuka katikati, halafu matawi kayanyofoa kwa mikono. Hiyo ilimchukua muda. Ya miaka kumi na zaidi, niliyoanza nayo ikiwa kama njiti ya kiberiti.

Halafu meseji kwenye simu ya Upendo: "Leo ilikuwa miti."

Nilipiga magoti kwenye vigae vya vyungu nikakusanya mizizi, nikaanza kuilowanisha. Muda ulipita ndipo nikakumbuka kwamba mdogo wangu yuko ndani. Niliikimbilia miti kwanza. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Polisi walikuja safari hii, niliwaita mimi. Upendo aliwaonyesha meseji kwa mkono wake mwenyewe. Walichukua maelezo, wakasema watamtafuta.

Ijumaa, 22 Machi
Sikwenda kazini. Shina lililopasuka nimelibana kwa waya, nikalipaka dawa, nikalifunika kuvumwani mbichi lishike unyevu. Nimekwangua gome kwa kucha. Chini bado kijani. Nyingine nimezizika kwenye ndoo za udongo hivyo hivyo, zikiwa nusu. Gasper hajapatikana. Silali vizuri.

Jumamosi, 6 Aprili
Mwandiko mbaya leo.

Nilikuwa mezani uani, nakata mzizi uliooza. Geti likafunguka. Gasper, shati limepigwa pasi. Akasema, "Shikamoo, dada." Kwa heshima zote. Sikuitikia. Upendo akatokea mlango wa jikoni kuangalia nani. Gasper akamrukia. Kamshika nywele, kamwangusha, akamburuta juu ya kokoto kuelekea getini, huku ananiambia mimi, kwa sauti ya kawaida tu, "Haya mambo ya mume na mke, dada, usiyaingilie."

Msumeno ulikuwa mkononi. Nilimkata mkono aliomshikia. Akamwachia. Nikamkata tena. Akaanguka, nikachukua chungu nikampiga nacho bega, nikasikia mfupa. Mara ya kwanza nilikuwa namwokoa Upendo. Mara ya pili na ya tatu alikuwa ameshamwachia.

Nilisikia raha. Mpaka kwenye meno.

Upendo ndiye aliyenivuta. "Dada, basi. Dada, anakufa." Damu ilikuwa inaruka, si kuchuruzika, inaruka. Hapo unesi ukarudi. Nikambana mshipa kwa kidole gumba, nikamfunga kwa aproni, nikamwinua mkono. Alikuwa anatetemeka. Akaniambia, "Usiniache." Sikumwacha. Ambulensi ilitukuta hivyo, mimi nimemkalia kifua. Tukapelekwa wote, yeye hospitali, mimi kituoni na pingu.

Wameniruhusu jioni. Jirani ana kamera, iliona kila kitu. Kila kitu maana yake hata ile mara ya tatu.

Jumatatu, 8 Aprili
Upendo amesema neno moja tu tangu juzi. "Ungemuua." Nikamjibu, ndiyo. Nilidhani atanishukuru. Usiku nimesikia anageuza ufunguo chumbani kwake. Ndani ya nyumba hii tumo wawili tu.

Jumapili, 12 Mei
Mimi sitashtakiwa, wanasema nilikuwa namtetea Upendo. Gasper amekiri mahakamani, amefungwa, na akitoka haruhusiwi kumkaribia. Mkono wake wa kulia hautakunja ngumi tena vizuri. Nilipoambiwa nilifurahi, kisha chakula kikanishinda.

Upendo anahama. Amepata kazi ya kutunza wazee Fort Worth, atakaa na nesi Mkenya. Nimemwambia hana shukrani. Akaacha kufunga sanduku. "Dada, yeye namwogopa. Lakini na wewe nakuogopa. Nikae wapi?" Nikabeba sanduku mpaka kwenye gari. Sikuweza kumwangalia.

Jumamosi, 20 Julai
Joto la kuua. Miti mitatu imekauka kabisa, haikupona yale majeraha. Nimechukua shoka nikaikatakata. Ilitosha kuitupa, lakini nilikatakata, mpaka ikawa vibanzi, mpaka shoka likawa linachimba ardhi. Nimejikuta nimekaa chini, jasho, koo linawaka, kama nimepiga kelele. Labda nilipiga.

Ile kubwa, nusu ya shina imekufa. Nimeikata. Nusu nyingine ina majani saba.

Kazini kuna mshauri wa wafanyakazi. Nimemwandikia. Nitakwenda Jumanne.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimemwambia mshauri ile sehemu ya raha. Hakushtuka. Nilitaka ashtuke.

Nimempigia Upendo nikamwambia hivyo hivyo. Akasema, "Niliona, dada. Niliuona uso wako." Hatukukata simu haraka.

Jumapili, 1 Desemba
Upendo amekuja baada ya kanisa, na makande kwenye sufuria. Amekata nywele fupi kabisa, zimempendeza. Tumekaa uani na makoti. Mepo zimegeuka nyekundu wiki hii, huku kwetu zinachelewa. Kaniambia kuhusu mzee anayemtunza, ambaye anadhani Upendo ni binti yake, na kila siku anamgombeza kwamba anaendesha gari polepole. Jana kamjibu, "Nisamehe, baba." Tumecheka.

Nilimwomba asubiri foleni ya magari ipungue. Akajilaza kwenye kochi, usingizi ukamchukua, mdomo wazi kama alipokuwa mdogo. Nimepunguza sauti ya televisheni. Nje upepo unaangusha majani. Sijayafagia.