Koplo Nicodemus Sitati: Kwa Nini Hukufyatua

Mwaka mzima umepita, Baba Fancy, tangu utoke asubuhi ukisema utarudi kula mchana, na saa saba tukaitwa hospitalini.

Tumeishi na swali moja tu. Bunduki ilikuwa mkononi mwako. Yule mwanamume aliyechanganyikiwa alikujia na panga uani, kwenye ploti ya nyumba za kupanga kule Bondeni. Ulimwambia mara tatu aiweke chini, akazidi kuja, na bado hukufyatua. Kwa nini? Kazini walisema ulisita. Mtaani walisema uliogopa. Mama yako, Milcah, aliacha hata kwenda kanisani kwa sababu ya maneno hayo.

Wewe, kuogopa! Wewe uliyemtoa nyoka chooni kwa jirani huku ukipiga mluzi. Na udaku wako wa sufuria je? Ukipita mahali ulijua kwa harufu tu kila nyumba inapika nini, na mwenye pilau hakukosa kusalimiwa.

Mwezi uliopita Jeruto, mwenzako wa doria ambaye siku hiyo alikuwa bado langoni, alitupeleka tukasimama pale uliposimama. Nyuma ya pale alipokuwa yule mtu kuna kijumba cha mabati cha kupikia. Fancy aligonga ukuta wake kwa kidole. Mwembamba ajabu.

Mwenye kijumba, Kadija, akatoka kutusalimia.

"Mathe, hiyo siku nilikuwa hapa ndani na watoto wangu wawili," alimwambia Milcah. "Tulilala chini, hakuna vile angetuona. Lakini pilau ilikuwa kwa jiko."

"Basi alijua kuna watu," Jeruto akasema. "Angeshoot, risasi ingepita hiyo mabati iwapate."

Kumbe hukusita. Uliamua, tena kwa muda mfupi ambao sisi umetuchukua mwaka kuuelewa. Milcah alilia pale pale. Jumapili alienda kanisani, akakaa kiti cha mbele.

Tunajivunia wewe. Tumekukasirikia pia, usidhani hatujakasirika. Fancy anataka kujua kama sisi nasi tulikupitia akilini sekunde zile. Hilo hata Kadija hawezi kutujibu.

Tunaokukumbuka: mkeo Awuor, binti yako Fancy, mama yako Milcah, ndugu zako wote, na Jeruto, ambaye sasa ni wa nyumbani. Hutatutoka moyoni, Baba Fancy, siku zote tutakazoishi.