Siku Baba Asiponikuta

Zahanati, Kwedizinga

Kaka yangu Salaash,

Pokea salamu zangu wewe, mama yetu yeiyo na watoto. Natumaini ng'ombe wamepata majani. Mimi mwili ni mzima ila moyo haujatulia, na sababu ni baba. Nimeandika kwa kuwa kwenye simu nisingeweza kulitamka jambo hili, hata kwako.

Unakumbuka alivyogombana na wazee wenzake ili niende chuoni Korogwe. Sasa mimi ndiye tabibu msaidizi pekee hapa, na akina mama wa Kizigua wananiita daktari. Kila siku ya mnada baba huja, hukaa kwenye benchi mpaka wagonjwa waishe, hunigusa kichwani, huuliza kama nimekula, halafu huondoka. Nilivimba kichwa, kaka! Nilimtambia Grasiana, mhudumu wetu, kwamba mzee hawezi kukaa bila kuniona.

Juzi Mzee Keriako alimwita Grasiana pembeni akamweleza ukweli ili anifikishie. Mimi asingeweza kuniambia, maana yeye ni rika la baba na kwake pia mimi ni binti. Baba ana ngiri. Imeshuka kinenani, na anatembea ameibana kwa mkono ndani ya shuka. Miezi yote hiyo alikuwa anakuja kuangalia kama ameletwa tabibu mwanamume.

Binti hamfunui baba yake, na akijua kwamba najua, hatakanyaga hapa tena. Lakini utumbo ukinaswa mle atakufa. Tangu juzi nazunguka chumba cha dawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Natamani kulia, natamani kumgombeza.

Nimemwomba Rehani, niliyesoma naye, anishikie kazi siku ya mnada ujao. Atampima na kumwandikia rufaa ya kupasuliwa Handeni mjini. Mimi nitashinda Korogwe kwa rafiki yangu Agripina. Wewe mwambie baba kwamba nimesafiri na yupo mwanamume, basi, kisha ufuatane naye. Akianza kutapika kabla ya hapo, usingoje mnada, mkimbize hospitali.

Nilisoma nikitaka siku moja nimtibu yeye. Inaniuma kwamba nitakachomfanyia ni kutokuwepo.

Msalimie sana yeiyo, umwambie nakula vizuri. Na siku utakayomwona baba anatembea mikono yote iko nje ya shuka, nibipu. Usiseme kitu, nitaelewa.

Mdogo wako,
Naisiae