Viza Kwanza, Rukia

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Kuze. Bibi yako hajambo, kelele ziko palepale. Mamako amenuna, asema humpigii simu.

Waniuliza ujinunulie mwenyewe tiketi ya Uturuki? Nunua, lakini viza kwanza. Mimi ujanani nilinunua ya Maskati, nikazunguka mtaa mzima kuomba radhi ya safari, mpaka kwa jirani Athumani, tuliyenuniana naye miaka miwili. Akanikumbatia, akalia. Kufika uwanja wa ndege naulizwa viza, nami nilidhani tiketi yatosha! Jioni narudi na begi langu, Athumani yuko barazani: "Ushafika Maskati mara hii?" Tukacheka, tukanywa kahawa.

Maskati sijaiona hata leo. Basi tiketi ingoje viza. Lakini mamako mpigie leo, usingoje safari.

Babu yako, msafiri wa Maskati