Uji wa Nondo

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi njema kwenye mtego wangu wa taa! Nimeinua funeli taratibu, na trei tupu za mayai ndani ya ndoo zimejaa nondo, wamelala fofofo. Mmoja wa kijani, mzuri ajabu. Nimewaachia vichakani kabla ndege hawajawaona. Ila yule mweusi mkubwa ninayemsubiri siku zote hakuja. Huyo hana habari na taa, anajali tumbo lake. Basi jioni nimempikia uji wake: ndizi zilizooza, sukari guru, bia iliyochacha. Nimeupaka kwenye shina la mparachichi kwa brashi yangu ya zamani ya kunyolea. Wateja wangu wakijua kinyozi wao anaupaka mti povu la ndevu, nimekwisha.

Mama alikuwa kibarazani ananitazama. Kauliza nampikia nani. Nikamtania: wewe, Mama, nani mwingine? Kacheka sana.

Jumatano, 5 Machi

Shina kavu! Uji wa juzi, uji wa jana, wote umelambwa. Nani huyu?

Na ndani nako moto. Dada kamtoboa Mama kidole, kampima: sukari imepanda tena. Kanikazia macho mimi! Eti nampa peremende kwa siri. Nimeapa hadi koo limekauka. Funguo za kabati la sukari anazo yeye, chai ya nyumba hii ni maji ya moto yenye rangi. Mama anaelezwa ugonjwa wake, dakika ileile kasahau. Anasema tunamnyima kama mfungwa, kisha anauliza tena sukari iko wapi. Inaniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Tena! Safari hii mwizi kaacha alama: michirizi minne, imeongozana kutoka juu kwenda chini. Makucha. Iko usawa wa kifua changu. Panya gani mrefu hivi? Lakini panya hupanda, si ajabu.

Ndala za Mama zilikuwa mlangoni, zimelowa umande. Alienda kuanua nguo, bila shaka. Shali yake inanuka ndizi. Au ni mimi. Siku hizi kila ninachogusa kinanuka ndizi.

Jumapili, 9 Machi

Sukari ya Mama imepita ya Jumatano. Daktari kasema ikiendelea hivi figo hazitavumilia. Dada kalia jikoni, halafu akaja kupekua chumba changu, hadi chini ya godoro. Godoro langu! Mtu mzima na ndevu zangu. Hatusemezani.

Hasira zote nimezihamishia kwa mwizi. Nikamsimulia jirani yetu seremala. Kacheka hadi kashika mbavu, kisha akaniletea pakiti ya dawa ya panya. Anasema panya wa karakana yake waliondoka bila kuaga. Sikuipenda. Nimezunguka nayo mfukoni kutwa nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya. Uji safi nimeupaka juu kabisa, nimepanda kiti, kwa ajili ya nondo. Wenye dawa nimeupaka palepale anapopenda mwizi. Nondo atakayeshuka huko anisamehe. Brashi nimeitupa chooni. Nimenawa, nikanawa tena.

Mama alikuwa dirishani. Kaniambia: leo umechelewa, mwanangu. Nikamwambia vichwa vilikuwa vingi kinyozini.

Jumanne, 11 Machi

Chini pamelambwa pote! Na juu — yeye! Mweusi, mpana kama kiganja, mrija wake umezama kwenye uji. Hata kupumua niliogopa. Siku zote hizi, na leo kaja! Kisha nikaanza kupekua vichaka, natafuta mzoga wa panya. Hakuna kitu. Ajabu. Dada ananiita. Hiyo sauti yake siijui —

Baadaye. Benchi la hospitali.

Mama katapika, kaanguka kati ya kitanda na mlango. Kwenye teksi kanishika mkono, vidole vyake vikaganda kwenye vyangu. Vinanata. Ndizi. Ee Mungu wangu! Kaninong'oneza, eti anatabasamu: hatamwambia Dada. Ila uji wa jana ulikuwa mchungu kidogo.

Alijua namwekea yeye. Nilimwambia mwenyewe! Kila alfajiri anatoka na ndala zake kwenda kula alichopikiwa na mwanawe. Jina la daktari wake amelisahau, dawa zake amezisahau, maneno yangu yale ya kipuuzi kayashika.

Dada anamwapia nesi kwamba mgonjwa hajatia kitu mdomoni tangu supu ya jana, kitamu hakipo nyumbani, funguo anazo yeye. Nesi kaandika sukari. Wanamtibu sukari, sukari tu. Nimefungua mdomo pale kaunta, sauti ikakataa. Nimefungua tena. Nesi kanipa pole, kaniambia nikae. Nami nikakaa! Mjinga mimi! Mkono ndio pekee unaokubali kusema, na unasema hapa, pasipo na mtu wa kusikia.

Pakiti ya dawa ya panya imo mfukoni. Kila kitu kimeandikwa juu yake.

Mlango umefunguliwa. Daktari, anazungusha macho kutafuta ndugu wa mgonjwa. Dada kanigeukia, mara ya kwanza tangu Jumapili, machozi yanamtoka. Ananiita mdogo wangu. Ananiomba radhi kwa kunishuku —