Ombi la Tatu

Haifa, 10 Eluli

Kwako dada Zohara,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima. Baragumu linapigwa kila asubuhi mwezi huu wa Eluli, Siku ya Toba inakaribia, nami usingizi umenihama. Dada, miaka ile mama yake Makhlufi alipotaka kukuposea mwanawe, akaja kuuliza habari zako, mimi ndiye niliyemwambia una kifafa. Uongo mtupu. Nilikuonea wivu. Posa ikavunjika, na hujaolewa hadi leo. Mungu hawezi kunisamehe kosa nililokukosea mpaka wewe unisamehe. Nakuomba msamaha.

Mdogo wako,
Freha

Yerusalemu, 17 Eluli

Freha,

Salamu. Goti linauma. Hayo niliyajua zamani, mtaa mzima uliyajua. Nilidhani siku ukikiri nitalia, au nitakutukana. Wapi! Nimesoma, nikaendelea kumenya viazi. Sijakusamehe.

Zohara

Haifa, 24 Eluli

Dada yangu,

Pole na goti, ulikande kwa maji moto. Nakuomba mara ya pili. Nitukane basi, kwa yale matusi ya Mama ya sokoni! Huu ubaridi wako unanimaliza.

Mdogo wako,
Freha

Yerusalemu, 3 Tishri

Freha,

Heri ya mwaka mpya. Nimekula tofaa na asali ya sikukuu peke yangu. Jibu ni hapana. Desturi yetu unaijua: ukiomba mara tatu ukakataliwa, wewe umeshatimiza lako, dhambi inabaki kwa aliyekataa. Basi omba ya tatu upesi, nikukatalie, tumalize. Nimechoka.

Zohara

Haifa, 5 Tishri

Dada,

Hujambo? Jana mama mmoja aliketi jikoni kwangu, anamchunguza binti wa jirani amposee mwanawe. Kijana huyohuyo nilimtaka kwa binti yangu. Neno moja tu la uongo lingetosha. Ulimi uliniwasha, dada! Nikamwambia, "Binti mwema yule, usichelewe." Alipotoka nilikaa sakafuni.

Ombi la tatu siliombi ng'o. Ukikataa nitakuwa huru, na mimi sitaki kuwa huru bila wewe.

Mdogo wako,
Freha

Yerusalemu, 7 Tishri

Freha,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Moyoni bado sisikii kitu, nisikudanganye.

Ila keshokutwa, kabla ya mfungo wa Siku ya Toba, napika supu ya kuku, na peke yangu siimalizi. Mabasi yanakoma mchana. Ukija, hutaweza kuondoka mpaka mfungo uishe. Njoo na viatu vya kitambaa, maana vya ngozi ni mwiko siku hiyo, na vyangu havikutoshi.

Dada yako,
Zohara